Bustani za Mvua: Maji ya Barabarani Yashughulikiwe Kabla Hayajafika Jangwani

Kila msimu wa masika unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za miezi ya Machi hadi Mei, na viongozi wa mikoa na wilaya hufuatia kwa kuwakumbusha wananchi kusafisha mitaro na kuondoka katika maeneo hatarishi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam ukumbusho huo una historia nzito. Desemba 2011, mvua iliyozidi milimita 150 kwa siku moja ilisababisha mafuriko yaliyogharimu maisha ya watu zaidi ya 40, na Serikali ikawahamishia Mabwepande wakazi wengi waliokuwa wakiishi katika bonde la Mto Msimbazi. Aprili 2018 mafuriko yaliua tena. Tangu wakati huo Barabara ya Morogoro, katika kipande cha Jangwani, imefungwa mara kadhaa kwa sababu ya maji na tope lililojaa juu ya lami.

Serikali imechukua hatua kubwa kukabiliana na hali hiyo. Kupitia Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioanza mwaka 2015, zilijengwa barabara za mitaa pamoja na mifereji mikubwa ya maji ya mvua, ukiwemo wa Mto Ng'ombe. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, unaotekelezwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mradi huo unahusisha kupanua na kuuchimba mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuwalipa fidia wananchi wanaopisha eneo hilo na kuligeuza bonde kuwa hifadhi ya jiji.

Kazi hizo zinafanyika mahali maji yanapoishia. Lipo swali la pili, nalo ni la mahali yanapoanzia: kwenye mabati ya nyumba, viwanja vilivyosakafiwa na maelfu ya mita za lami zinazoongezeka kila mwaka kuanzia Kimara hadi Gongo la Mboto. Swali hilo ndilo linalozipa umuhimu bustani za mvua, teknolojia rahisi ambayo miji kadhaa duniani imekuwa ikiitumia kandokando ya barabara kwa zaidi ya miaka 20.

Ardhi iliyofunikwa

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi kabla yake, sensa ya mwaka 2012 ilikuwa imehesabu 4,364,541. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja limekuja na paa, nyua za zege na barabara. Eneo lililokuwa na vichaka na mchanga, ambalo zamani lilifyonza sehemu kubwa ya mvua, sasa huyasukuma karibu maji yote mtaroni ndani ya dakika chache.

Ukubwa wa mabadiliko hayo unapimika kwa hesabu nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita saba ina mita za mraba 700 katika kila urefu wa mita 100. Mvua ya milimita 25, ambayo ni ya kawaida katika masika, inamwaga juu ya kipande hicho lita 17,500. Kiasi hicho ni zaidi ya malori matatu ya maji yenye ujazo wa lita 5,000, na bado hayajahesabiwa maji ya paa za nyumba zilizopakana na barabara.

Mtaro wa zege hutimiza kazi yake kwa kuyaondoa maji haya haraka. Lakini kadiri mitaro ya juu inavyokuwa laini na yenye kasi, ndivyo maji ya kata nyingi yanavyofika bondeni kwa wakati mmoja. Mkazi wa mtaa uliojengewa mtaro mpya hupata nafuu ya kweli, ilhali mkazi wa chini hupokea wimbi lililokuwa likimfikia polepole. Ndiyo maana upana wa mto huko Jangwani hauwezi kutenganishwa na namna barabara za huko juu zinavyojengwa.

Bustani ya mvua ni nini?

Bustani ya mvua ni eneo la bondebonde lililochimbwa kwa makusudi kandokando ya barabara, likajazwa udongo maalumu na kupandwa mimea inayovumilia maji na ukame. Tofauti yake na bustani ya maua iliyozoeleka ni kwamba uso wake uko chini ya usawa wa lami, na ukingo wa barabara huachwa na matundu ili maji yaingie. Bustani nyingi za mijini zimejengwa kinyume na hivyo: zimeinuliwa na kuzungushiwa matofali, hivyo mvua ikinyesha humwaga udongo barabarani.

Kitaalamu, bustani hiyo ina tabaka nne. Juu kuna nafasi ya wazi, yenye kina cha sentimita 15 hivi, ambamo maji hutuama kwa muda. Chini yake kuna matandazo yanayozuia udongo kuchukuliwa na maji. Linafuata tabaka la mchanga uliochanganywa na udongo na mboji kidogo, lenye kina cha sentimita 60 au zaidi. Mwisho kuna kokoto, na pale ambapo ardhi ya asili ni ya mfinyanzi huwekwa pia bomba lenye matundu linalopeleka maji yaliyochujwa kwenye mtaro uliopo. Sehemu ya juu huwekwa tundu la dharura, ili mvua inapozidi uwezo wa bustani maji ya ziada yaelekee mtaroni bila kurudi barabarani.

Kwa barabara ya mfano iliyotajwa hapo juu, bustani zenye jumla ya mita za mraba 50, yaani takriban asilimia saba ya eneo la lami, zinaweza kubeba lita 7,500 juu ya uso wake. Udongo wenye kina cha sentimita 60, ukiwa na robo ya ujazo wake wazi, hupokea lita nyingine 7,500. Ikiwa maji yanapenya ardhini kwa milimita 50 kwa saa, mvua ya saa mbili inapomalizika lita 5,000 zaidi zitakuwa zimeshapita. Jumla ni lita 20,000, kiasi kinachotosha maji ya barabara hiyo pamoja na mvua iliyoangukia bustani zenyewe.

Hesabu hiyohiyo inaonesha pia kikomo. Mvua ya milimita 150 kwa siku ingeshusha lita 105,000 juu ya kipande kilekile cha barabara. Hapo bustani zingejaa mapema, na sehemu kubwa ya maji ingepita kama kawaida. Kwa hiyo bustani za mvua hazichukui nafasi ya daraja la Jangwani wala ya upanuzi wa mto. Kazi yake ni mvua ndogo na za wastani, ambazo ndizo nyingi katika mwaka, na ndizo zinazobeba uchafu wa barabarani kila siku hadi baharini.

Uchafu usioonekana

Maji yanayotiririka juu ya lami hayana usafi wa mvua. Hubeba oili iliyovuja kwenye magari, vumbi la breki lenye shaba, zinki inayotoka kwenye matairi na mabati, mchanga, pamoja na taka za kila aina. Dar es Salaam, sehemu ya maji hayo huishia katika Mto Msimbazi, ambao pembezoni mwake hulimwa mboga, na kisha katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander.

Ushahidi wa namna udongo unavyoweza kuyasafisha ni wa kuvutia. Katika Jimbo la Washington nchini Marekani, samaki aina ya salmoni walikuwa wakifa kwa wingi katika vijito vya mijini kila mvua zilipoanza. Desemba 2020 watafiti walichapisha katika jarida la Science jina la kemikali inayohusika: 6PPD-kwinoni, inayozalishwa pale kinga ya mpira wa tairi inapokutana na ozoni ya hewani. Kabla hata ya kemikali hiyo kutambuliwa, majaribio ya jimbo hilohilo yalikuwa yameonesha kwamba maji ya barabarani yaliyopitishwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji hayakuwaua samaki hao, wakati maji yaleyale yasiyochujwa yaliwaua.

Usafishaji huo hufanyika kwa njia kadhaa kwa pamoja. Mchanga huzuia tope. Mboji hushika metali na mafuta. Vijidudu vya udongoni huvunjavunja mafuta hayo. Mizizi huuacha udongo wazi ili uendelee kupitisha maji. Hata hivyo, vipimo vya mchanganyiko vina uzito wake. Mboji ikizidi, bustani yenyewe huanza kutoa naitrojeni na fosforasi na kuyachafua maji iliyokusudiwa kuyasafisha.

Jambo moja linapaswa kuelezwa waziwazi: bustani ya mvua si mtambo wa majitaka. Katika maeneo ambayo baadhi ya kaya hufungulia vyoo wakati wa mvua, kinyesi kikiingia katika bustani kitaleta hatari mpya kwa watoto na kwa visima vifupi. Teknolojia ya kusafisha majitaka kwa mimea ipo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeitafiti kwa miaka mingi kupitia mabwawa na ardhi oevu za kujengwa. Utaalamu huo wa ndani unaweza kuwa msingi wa kuchagua mimea na udongo, lakini matumizi hayo mawili hayafai kuchanganywa.

Mafunzo kutoka kwingine

Bustani za mvua kwa sura ya sasa zilianza mapema katika miaka ya 1990 katika Kaunti ya Prince George's, Jimbo la Maryland, Marekani, ambako kila nyumba ya mtaa mpya ilitengewa bustani yake badala ya mtaa mzima kujengewa bwawa moja. Mwaka 2001 Jiji la Seattle lilikamilisha mtaa wa majaribio uliopunguzwa upana wa lami na kuwekewa bustani pande zote mbili. Vipimo vilivyofuata vilionesha kwamba maji yaliyokuwa yakitoka katika mtaa huo yalipungua kwa asilimia 99. Ni vema kukumbuka kwamba mvua za Seattle ni za manyunyu ya muda mrefu. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja katika mji wa mvua za ghafla.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya hewa ya Pwani ni Singapore, iliyo karibu na Ikweta. Tangu mwaka 2006 nchi hiyo imekuwa ikitekeleza programu ya kuunganisha mifereji, bustani na mabwawa. Katika Hifadhi ya Bishan-Ang Mo Kio, mfereji wa zege wa Mto Kallang ulivunjwa na kurudishiwa sura ya mto wa asili, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Singapore haikuacha kujenga mifereji mikubwa. Iliifanya bustani kuwa hatua ya kwanza, na mfereji kuwa hatua ya mwisho.

China nayo inatoa funzo la tahadhari. Julai 20, 2021, Jiji la Zhengzhou lilipata milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja. Jiji hilo lilikuwa limewekeza katika miradi ya kufyonza maji ya mvua, na bado maafa yakawa makubwa. Wananchi wanapoelezwa manufaa ya teknolojia hii, wanastahili kuelezwa pia kwamba ipo mvua isiyoweza kuzuiwa na bustani yoyote, na kwamba tahadhari za TMA na amri za kuhama mabondeni zitaendelea kuwa za lazima.

Masharti ya Dar es Salaam

Mazingira ya Dar es Salaam yana neema na vikwazo. Maeneo mengi ya uwanda wa Pwani yana mchanga unaopitisha maji vizuri. Lakini sehemu za chini zina maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, na huko bustani itajaa kutoka chini kabla mvua haijamalizika. Upimaji wa udongo kwa kila eneo hauepukiki.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mchanga na taka. Barabara nyingi za lami zimepakana na njia za vumbi, na mvua ya kwanza hushusha mchanga mwingi. Bustani isiyo na kishimo cha kunasia mchanga pale maji yanapoingilia inaweza kuziba katika msimu mmoja. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019 lilipunguza aina moja ya taka, lakini chupa na vifungashio bado vinaonekana katika mitaro mingi.

Hoja nyingine inayogusa afya ni mbu. Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na ni haki kwa mwananchi kuuliza iwapo madimbwi mapya yatawekwa mbele ya nyumba yake. Jibu liko katika muda. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kufikia mbu kamili, wakati bustani iliyojengwa vizuri hukauka juu ndani ya saa 24 hadi 48. Bustani inayotuamisha maji kwa siku nne au tano imeshaharibika na inapaswa kurekebishwa mara moja. Kwa maana hiyo, kipimo cha usalama wake hakihitaji maabara: mkazi yeyote anaweza kukiona kwa macho siku ya pili baada ya mvua.

Mimea nayo lazima istahimili kiangazi cha Juni hadi Septemba bila kumwagiliwa kila siku. Nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva, pamoja na ukoka na mimea ya asili ya mabonde ya Pwani, zinafaa kuliko maua ya mapambo yanayohitaji maji ya bomba. Vilevile, nafasi iliyopo kandokando ya barabara mara nyingi inatumiwa na wafanyabiashara wadogo, vituo vya bodaboda na maegesho. Bustani iliyopangwa bila kuzungumza na watumiaji hao itakanyagwa kabla mimea haijashika.

Nani atatunza?

Ujenzi wa bustani ya mvua si kazi ngumu kwa mkandarasi anayejua kuchimba mtaro. Jambo linaloamua uhai wake ni matunzo: kuondoa mchanga, kuokota taka, kupalilia na kubadilisha matandazo. Kazi hiyo hufanywa kwa sepeto na reki, lakini lazima ifanyike kabla ya masika, kabla ya vuli na baada ya kila mvua kubwa.

Hapa ndipo mgawanyo wa majukumu unapohitaji ufafanuzi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), usafi wa mitaa ni wa halmashauri, na ubora wa maji ya mito unahusu Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Bustani moja kandokando ya barabara inagusa taasisi zote hizo. Isipotajwa katika mkataba ni nani anaitunza na kwa fungu lipi, itakuwa ya kila mtu na hatimaye haitakuwa ya mtu.

Njia ya kulitatua jambo hilo ipo ndani ya mifumo iliyopo. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Matunzo ya bustani za mvua ni kazi ya aina hiyo: haihitaji mitambo, inajirudia kila msimu, na inaweza kukabidhiwa kikundi cha mtaa husika kwa mkataba wenye vipimo vinavyoonekana, kikiwemo kile cha kukauka ndani ya saa 48. Aidha, gharama za bustani zinapaswa kuingizwa katika makadirio ya barabara tangu usanifu, kwa kuwa kuvunja ukingo wa barabara iliyokwisha kujengwa ni ghali kuliko kuuacha na tundu tangu mwanzo.

Hatua ya busara ni kuanza na mitaa michache ya majaribio katika maeneo ya juu ya bonde la Msimbazi, yenye udongo tofauti, na kupima kwa misimu miwili ya masika: maji kiasi gani yameingia, kiasi gani yametoka, mchanga kiasi gani umeondolewa, na gharama ya matunzo kwa mita. Takwimu hizo zikiwekwa wazi, wahandisi watakuwa na msingi wa kuamua ni barabara zipi zinafaa na zipi zibaki na mtaro pekee.

Wajibu wa mwananchi

Wakati hatua hizo zikisubiriwa, yapo yanayowezekana katika kila kiwanja. Mwenye nyumba anaweza kuacha sehemu ya ua wake bila sakafu, kuelekeza maji ya paa kwenye shamba dogo la mimea badala ya barabarani, na kuhakikisha shimo hilo liko mbali na choo, kisima na msingi wa nyumba. Mikutano ya mitaa ni mahali sahihi pa kuuliza, mradi wa barabara unapotangazwa, maji yake yataelekezwa wapi na nani anaishi huko yanakoelekezwa.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Maji yanayoondolewa haraka mbele ya nyumba moja hufika mlangoni kwa mtu mwingine, na kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa mkazi wa bondeni. Daraja jipya na mto uliopanuliwa vitampa nafuu kubwa. Nafuu hiyo itadumu zaidi endapo kila barabara inayojengwa huko juu itabaki na sehemu ya maji yake, ikayachuja, na kuyaachia polepole.